Mikarafuu 120, mahkama tatu

Assalaam alaykum.

Kila tukikaa kuzungumza sheria, swali la mwanzo ni lile lile: sheria inasemaje? Nimelijibu mara nyingi na leo nalijibu tena. Anza kuuliza ni sheria ipi, na nani aliyepewa uwezo wa kuitumia. Ukikosea hapo, haki yako hata iwe wazi kama mchana, utazunguka miaka.

Tuchukue shamba hapa hapa Pemba. Mtu amefariki, ameacha mikarafuu 120. Warithi ni mke, mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Gharama za mazishi zimetoka, madeni yamelipwa, wasia hakuna. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, mikarafuu 15. Mama ana sudusi, moja ya sita, mikarafuu 20. Inabaki 85, nayo ni ya watoto, mwanamme mafungu mawili, mwanamke moja. Kila mwana anapata 34, binti 17. Jumlisheni, itatimia 120. Nimehesabu miti ili mafungu yaonekane. Ukigawa kweli unatathmini thamani, maana mkarafuu unaozaa si sawa na uliokauka matawi.

Kazi hiyo ni ya Kadhi. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 imemkabidhi ndoa, talaka, mirathi na wakfu za Waislamu.

Sasa anatokea jirani. Anasema miti 30 ya upande wa bondeni ni yake, marehemu alikuwa akichuma kwa ruhusa tu. Hapa ndipo watu wanapoharibu! Kwa kuwa jalada liko kwa Kadhi, wanamburura na jirani huko huko. Jirani si mrithi, na ugomvi wake ni wa umiliki. Kwetu, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine, kwa hivyo pana maswali mawili: ardhi ni ya nani, na nani alipanda, kwa idhini ya nani. Maswali hayo yana mahkama yake, Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Na ikiwa karatasi anayoionesha jirani ina saini ya kughushi, hiyo ni jinai, inaanzia polisi, inakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mahkama yake ya tatu ni ya jinai. Shamba ni lile lile.

Najua yupo atakayesema: sheria ya Mwenyezi Mungu imetosha, kwa nini tumtoe jirani kwa Kadhi? Fikhi yenyewe, elimu ya sheria ya Kiislamu, inajibu. Tarka, mali inayorithiwa, ni alichokimiliki maiti. Mali ambayo haijathibiti kuwa ni yake, utaigawaje? Kwanza ithibiti miti 30 ni ya nani, kisha mafungu.

Mwengine atasema: sote wawili tulikubali twende kwa Kadhi. Makubaliano yenu hayampi hakimu uwezo ambao sheria haikumpa. Pingamizi la uwezo wa mahkama linaweza kutolewa wakati wowote, hata kwenye rufaa, na hukumu yote ikafutwa. Hapo mnaanza upya, na yule mzee aliyekuwa akijua mpaka ulipita kwenye mnazi gani ameshazikwa. Ushahidi huo haurudi.

Na barua ya sheha? Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anasuluhisha na anaweza kuwa shahidi. Barua yake si hukumu, msiipige lamineti mkadhani ni hati.

Muda umekwisha, nayapitia mbio yaliyobaki. Rufaa ya mirathi inatoka kwa Kadhi wa Wilaya, inakwenda kwa Kadhi wa Rufaa, kisha Mahkama Kuu ya Zanzibar, na inaishia hapo. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinaizuia Mahkama ya Rufani ya Tanzania kusikiliza mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi, na pia kuifasiri Katiba hiyo. Kwa hivyo vyeti na mashahidi vipelekwe tangu siku ya kwanza.

La mwisho ni Muungano. Kifungu cha 132 cha Katiba hiyo hiyo ya Zanzibar kinasema sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar ila iwe ya mambo ya Muungano, na Waziri aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi. Ardhi haimo katika mambo ya Muungano. Akija mtu kukusomea Sheria ya Ardhi ya 1999, hiyo ni ya Bara. Mwambie akuletee ya Zanzibar, ya 1992.