Mchana Mnafanya Nini?

Kaeni, kaeni. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana hadithi yangu ni moja na nitaisimulia mpaka ieleweke.

Nina rafiki aliyeweka akiba miaka 18 ili aache kazi. Tena si akiba ya mzaha. Sherehe haonekani, likizo anaiuza, mpira aliokuwa akiupenda ameuacha. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Nikifika, nitapumzika." Ukutani kwake kulikuwa na karatasi yenye tarakimu tupu za kiasi anachokitafuta, hata jina haikuwa nalo. Basi akafika. Siku anaacha kazi nilimsindikiza mwenyewe, tukapiga picha. Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, simu inaita. Ni yeye. "Hebu niambie, ninyi watu mchana mnafanya nini?"

Mnacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtu ana pesa, ana muda, na vyote viwili vimemshinda, kwa sababu miaka 18 hakujizoeza kuvitumia. Watoto walishakua, kila mmoja na shughuli zake. Mkubwa wao aliniambia baba akikaa sebuleni wanajihisi kama wamefikiwa na mgeni. Miezi 6 haikuisha, akarudi kazini. Na ile karatasi? Ameongeza tarakimu.

Najua yuko mtu pale nyuma anayesema moyoni: kumbe ni ponda mali, kufa kwaja! Sijasema hivyo. Kila mwaka nasema maneno haya, na kila mwaka kuna anayetoka hapa akaenda kukopa astarehe, kisha anadai nilimruhusu mimi. Sikumruhusu mtu. Sikilizeni hesabu.

Mwaka 1994, mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia rekodi za masoko ya kwao kuanzia 1926. Akaona kwamba mstaafu akichota 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kufuata mfumuko wa bei, akiba ingemfikisha miaka 30. Ndiko inakotoka ile kanuni ya kujua akiba unayohitaji kwa kuzidisha matumizi ya mwaka kwa 25, maana 4% ni sehemu moja ya 25. Takwimu ni za Marekani, msizibebe kama aya. Ila tazameni inavyouma: kinachokugharimu 1 kwa mwezi ni 12 kwa mwaka, na mara 25 ni 300. Kila tabia yako ya mwezi inadai akiba ya mara 300 ya bei yake.

Sasa utajuaje tabia ipi inastahili hiyo 300, na ipi ni mazoea tu, kama hujawahi kutulia ukaionja? Rafiki yangu alipiga hesabu ya gharama za mtu asiyeishi. Jumla ilikuwa sahihi kabisa, ila mwenyewe hakuwemo. Kwa hiyo kuifurahia leo kumo ndani ya hesabu yenyewe. Bila hiyo huna namba ya kutafuta.

"Mwalimu, unasema hivyo kwa kuwa umeshiba, mimi mshahara wangu unaisha tarehe 10." Haya. Wewe sikwambii ubane matumizi, utabana nini? Kinachokukwamisha ni kipato, na huo ni mhadhara mwingine, mnialike tena.

Lingine haraka haraka. Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Killingsworth na Gilbert, walichapisha utafiti: walikuwa wakiwauliza watu kupitia simu zao wanawaza nini saa ile ile. Karibu 47% ya majibu, akili ilikuwa mbali na kinachofanyika, na waliokuwa mbali hawakuwa na furaha kama waliokuwepo. Hapo nilitaka kukawia, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Madeni: anza na lenye riba kubwa. Bima naiacha.

Ndiyo, mama, uliza. Yule rafiki yangu? Bado yuko kazini. Ila Jumatano hatoki kazini usiku tena, anawahi kwaya aliyojiunga nayo. Anaimba vibaya sana.