Nani Anaongea Zaidi Kwenye Kikao cha Ushauri Nasaha?

Ndugu zangu walimu, wauguzi na washauri nasaha, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie tafiti za kubadili tabia kwa elimu na ushauri nasaha. Naomba tuanzie jikoni.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilikuwa inapeleka nyama nyingi kwa wanajeshi, na serikali ikataka familia zilizobaki nyumbani zile moyo na figo za ng'ombe. Akina mama wengi hawakutaka hata kuzigusa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin akawagawa katika vikundi. Vikundi vingine vilisikiliza mhadhara wa kuvutia kuhusu lishe na wajibu kwa taifa, na mapishi yaliyochapishwa wakagawiwa. Vingine vilipewa maelezo mafupi tu, kisha akina mama wenyewe wakajadiliana: mume atasemaje akiona sahani hii? Ile harufu wakati wa kupika tutaifanyaje? Mwishoni wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu wiki ijayo, wakanyoosha mikono. Muda ulikuwa uleule, kama dakika 45. Walipofuatiliwa baadaye, katika waliosikiliza mhadhara waliopika ni asilimia 3. Katika wale wengine, asilimia 32.

Wengi wetu tulifundishwa matokeo haya kwa mkato: majadiliano yanashinda mhadhara. Sivyo hasa. Mwaka 1955 mtafiti Edith Bennett alivitenganisha vipande vya jaribio lile kimoja kimoja, akakuta kwamba majadiliano peke yake hayakuongeza kitu. Kilichobeba uzito ni mtu kukata shauri, na kuona kwamba wenzake nao wamekata shauri. Nalisisitiza hili kwa sababu nimehudhuria semina nyingi ambazo watu wanaongea asubuhi hadi jioni, wanaandika kwenye karatasi kubwa za ukutani, wanapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa: wewe, kesho, utafanya nini?

Swali hilo lina utafiti wake. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Yale, Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda. Baadhi vilitisha, vina picha za wagonjwa. Vingine vilikuwa vya upole. Vile vya kutisha viliwafanya wasomaji waseme kwamba chanjo ni muhimu na kwamba wanakusudia kuchanjwa. Ila waliofika kliniki hawakufikishwa na hofu peke yake. Baadhi ya wanafunzi waliongezewa ramani ya chuo, jengo la kliniki likiwa limezungushiwa duara, wakaombwa waangalie ratiba yao ya wiki na kutafuta nafasi ya kupita pale. Katika hao, kama asilimia 28 walikwenda kuchanjwa. Katika waliokosa maelekezo hayo, asilimia 3. Na kliniki wote walikuwa wanajua ilipo!

Hofu tupu inaweza hata kudhuru. Kule New Jersey, miaka ya 1970, vijana walioanza kuharibikiwa walipelekwa gerezani ili wafungwa wa vifungo virefu wawafokee na kuwaonyesha mwisho wa njia ile. Wazazi walipenda, televisheni ikapenda, mpango ukaigwa kwingine. Mwaka 2002 Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio ambayo vijana walikuwa wamegawanywa kwa kura, wengine wapelekwe kutishwa gerezani na wengine waachwe bila kufanyiwa lolote. Waliotishwa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuvunja sheria baadaye. Bila lile kundi lililoachwa, mpango ungeendelea kusifiwa, kwa kuwa kila aliyeuendesha alikuwa na kijana mmoja au wawili wa kutolea mfano.

Sasa niwaingize kwenye chumba cha ushauri.

Nilipoanza kazi nilikuwa na mteja mvutaji sigara, mtu mzima wa kunizaa. Kwa ridhaa yake tulirekodi vikao kwa ajili ya mafunzo yangu. Katika kikao cha kwanza nilimweleza mapafu, nikamweleza moyo, nikamweleza saratani. Kila nilipomaliza alijibu, "Ni kweli, mwanangu, lakini..." Lakini kazi ina mawazo mengi. Lakini baba yake alivuta hadi uzeeni. Nami nikazidi kumwaga maarifa. Msimamizi wangu alinipa saa na ile rekodi, akaniambia nipime tu. Kikao kilikuwa cha dakika 20. Mzee wangu aliongea dakika nne, na karibu zote alikuwa akitetea sigara. Yaani mimi ndiye niliyemfanya ajifundishe sababu za kuendelea kuvuta, tena kwa sauti yake mwenyewe.

Kikao cha pili nilikwenda na maswali machache. Nikamuuliza, "Mzee, tukipima kuanzia sifuri hadi kumi, kuacha sigara kuna umuhimu gani kwako?" Akafikiri, akasema, "Nne." Zamani ningemuuliza mbona nne tu, naye angenieleza kwa nini si tisa, turudi kule kule kwenye utetezi. Safari hii niliuliza, "Kwa nini nne, isiwe moja?" Akanyamaza kwa muda mrefu. Ukimya ule ulinitesa, nikauvumilia. Kisha akasema, "Mjukuu wangu nikimbeba anageuza uso. Anasema babu ananuka." Sikumwongezea neno. Aliendelea mwenyewe mpaka akafika mahali pa kusema sigara ya kwanza ya asubuhi ndiyo ngumu, na kwamba ataiacha hiyo kwanza, pakiti akiilaza chumba kingine. Aliacha. Baada ya wiki sita akarudia kuvuta, akaja kuniambia bila kujificha, tukaanza upya. Kwenye kazi yetu, mteja anayerudi kukwambia kwamba ameteleza ni mteja ambaye bado unaye.

Njia hii ya kumfanya mteja mwenyewe ataje sababu zake za kubadilika, kwa Kiingereza motivational interviewing, aliianzisha mwanasaikolojia William Miller, aliyeandika makala yake ya kwanza kuihusu mwaka 1983. Baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Kinachonigusa zaidi katika tafiti zake ni ule wa mwaka 1993 kuhusu watu wenye tatizo la pombe. Walichunguza maneno ya mshauri ndani ya kikao, wakalinganisha na unywaji wa mteja mwaka mmoja baadaye. Kadiri mshauri alivyombana na kubishana naye, ndivyo mteja alivyokuwa akinywa zaidi mwaka uliofuata. Wengi wetu tunabana kwa sababu tunampenda mtu na tunaogopa kumpoteza. Nia njema hiyo haimpunguzii glasi hata moja.

Msinielewe kwamba elimu haina kazi. Inategemea elimu gani. Mchumi Pascaline Dupas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, alifanya kazi na shule za msingi magharibi mwa Kenya. Baadhi ya shule, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa taifa kuhusu Ukimwi, uliosisitiza kujizuia. Baadhi, wanafunzi walipata mazungumzo ya dakika 40 yaliyowaonyesha jambo moja jipya: maambukizi kwa wanaume wa umri mkubwa ni mengi mno kuliko kwa wavulana wa rika lao. Mafunzo ya walimu hayakupunguza mimba. Zile dakika 40 zilipunguza uzazi wa wasichana kwa asilimia 28. Wasichana hawakukaripiwa wala kuhubiriwa. Walipewa habari waliyokuwa hawana, tena inayogusa uamuzi ulio mikononi mwao.

Angalieni pia alichopima: mimba. Hakupima majibu ya dodoso. Hapa ndipo tafiti zetu nyingi zinapolegea. Tunamfundisha mtu, kisha tunamuuliza kama amebadilika, naye kwa adabu anatujibu tunachotaka kusikia. Utafiti wa ushauri nasaha na upimaji wa VVU uliofanyika Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain kule Trinidad, uliotoka mwaka 2000, ulilinganisha waliopata ushauri na upimaji na waliopata maelezo ya afya tu. Ngono isiyo salama na wapenzi wa pembeni ilipungua kwa asilimia 35 kwa wanaume waliopata ushauri, na asilimia 13 kwa waliopata maelezo. Kwa wanawake, 39 na 17. Nauheshimu sana utafiti huo, lakini takwimu hizo zimetoka vinywani mwa wahusika. Ndiyo maana huwa nausoma pamoja na ule wa Marekani wa mwaka 1998, wa watu 5,758 katika kliniki tano za magonjwa ya zinaa. Wengine walipewa ujumbe mfupi wa kuelimishwa. Wengine walipata vikao viwili vya dakika kama 20, vya kuzungumza na kuchagua hatua ndogo ya kujilinda. Kipimo kilikuwa maabara. Baada ya miezi sita, waliopata ushauri walikuwa na maambukizi mapya pungufu kwa asilimia 30. Baada ya mwaka, asilimia 20. Dakika 40 kwa jumla! Nani kati yetu hawezi kuzipata?

Nimeongea vya kutosha, na nimeacha nusu ya muda wetu kwa makusudi. Geukeni wawili wawili. Mmoja ataje tabia moja yake ambayo kweli anafikiria kuibadili, isiwe ya kubuni. Mwenzake asishauri lolote kwa dakika kumi. Aulize ile namba, aulize kwa nini si ndogo zaidi, kisha asikilize. Mkimaliza, kila aliyetaja tabia aandike siku na saa ya hatua yake ya kwanza, na mwenzake aandike hivyo hivyo kwenye simu yake. Mimi nitapita na saa. Nani atakayeanza, inueni mikono.