Nani Mwenye Timu? Slap Shot Sio Filamu ya Ngumi

Haya, washeni taa, tukae. Nimewasikia mlivyocheka pale wale ndugu watatu wenye miwani walipoingia uwanjani, na ni haki yenu kucheka, ile scene ni balaa. Ila leo naomba tusianzie pale, maana kila nikiongelea Slap Shot, hii filamu ya 1977 ya timu ya hoki ya barafu, watu wanataka Hanson Brothers tu, ngumi, meno, damu kwenye barafu, basi wameridhika wanaenda zao nyumbani. Miaka nenda rudi ndo hivyo hivyo. Mimi nasema hii ni filamu ya kiwanda kinachofungwa, na zile ngumi zinakuja kwa sababu kiwanda kinafungwa. Hilo ndo nimekuja kusema, mengine yote ni nyongeza.

Hadithi mmetoka kuiona sasa hivi, sirudii. Nataka niwaambie ilikotoka.

Katikati ya miaka ya 1970, Johnstown, Pennsylvania. Mji wa chuma, kampuni ya Bethlehem Steel ndo inalisha watu. Kuna timu ya hoki ya barafu inaitwa Johnstown Jets, ligi ya chini, wachezaji wanasafiri kwa basi usiku kucha na hela yenyewe ya kubangaiza. Mmoja wao anaitwa Ned Dowd. Huyu ana dada yake, Nancy, aliyesomea filamu kule UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles. Sasa siku moja Ned anampigia simu dada yake anamwambia timu inauzwa, hatujui kesho yetu. Nancy akamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza, kwani mwenye timu ni nani? Na Ned hana jibu. Hajui!

Jamani hebu litafakarini hilo. Mtu anapigwa fimbo za mbavu, anashonwa nyuzi usoni, anarudi uwanjani kipindi kinachofuata, na hamjui tajiri wake. Hajawahi kumwona. Hajui ni mwanaume au mwanamke. Nancy angeweza kukata simu akaendelea na maisha yake, hakufanya hivyo, alihamia Johnstown akakaa na ile timu. Akampa Ned kinasa sauti, Ned akawa anakipeleka vyumba vya kubadilishia nguo na kwenye basi, wenzake wanaongea wanavyoongea, kinarekodi. Skripti ya Slap Shot imetokana na zile kanda. Na lile swali la kwenye simu liko ndani ya filamu mmelisikia wenyewe, golikipa Denis Lemieux na Kiingereza chake cha kuungaunga anauliza nani mwenye Chiefs, ndo jina la timu kwenye filamu, wenzake wanamcheka anavyotamka, hakuna anayemjibu. Kila nikiangalia na watu ukumbi mzima unacheka pale. Mimi naona pale ndo filamu nzima imewekwa mezani, kisha tunapelekwa kwenye ngumi, na muda wote swali bado linasubiri jibu.

Najua kuna mtu anataka kunikatiza kuhusu matusi. Ni kweli, matusi yamejaa, na mwaka 1977 wahakiki wengi walikwama hapo hapo, wengine kilichowashangaza zaidi ni kwamba mwandishi ni mwanamke. Sasa mlitaka aandike nini? Kanda zimesema vile. Kuna maneno mle kuhusu wanawake na mashoga yanaumiza kuyasikia, na mimi siyatetei, mtu akiniambia yamemkera namwelewa kabisa. Lakini angeyasafisha tungepata wachezaji wa kutungwa, wenye adabu, ambao hawajawahi kuwepo popote. Na huyo huyo Nancy Dowd miaka miwili baadaye alipata Oscar ya skripti ya Coming Home pamoja na wenzake wawili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba aliandika matusi kwa kukosa ufundi. Slap Shot yenyewe haikupata hata uteuzi mmoja wa Oscar, na hapo tunaongelea dairekta George Roy Hill, yule wa The Sting, na staa Paul Newman. Ingekuwa filamu ya huzuni kuhusu kiwanda kufungwa, hadithi ile ile, mji ule ule, wangeipa heshima siku ya kwanza. Komedi ikisema kitu kizito inaambiwa ni mchezo, na hili linanikera na litaendelea kunikera.

Turudi kwa mwenye timu. Mwanzoni tunaambiwa kiwanda kinafungwa, watu 10,000 wanapoteza kazi. Kiwanda kikifungwa nani atanunua tiketi? Reg Dunlop, huyu Newman, mchezaji-kocha aliyeshazeeka kwenye barafu (Newman mwenyewe alikuwa na miaka 51 wanapiga picha), anatunga uongo kwamba kuna wanunuzi Florida, anampenyezea mwandishi wa gazeti, gazeti linaandika, wachezaji wanaamini. Sasa wakishinda watanunuliwa, wakijaza uwanja watanunuliwa, na uwanja unajaa kwa ngumi. Mmeona inavyokwenda? Watu wamepunguzwa kazini, wana hasira, hawana pa kuipeleka, wanalipa kiingilio waone mtu anapasuliwa mdomo. Wale Hanson wameletwa kwa bei rahisi kuja kuuza kitu ambacho mji umeanza kukitaka kwa sababu umeumia, na yule mchezaji Ned Braden asiyetaka kupigana anawekwa benchi kama mtu asiyefanya kazi yake.

Halafu Reg anampata mwenye timu. Ile scene fupi kwenye nyumba nzuri! Anita McCambridge, mjane, mpole, anaongea vizuri kabisa. Anakiri kwamba kwa jinsi timu ilivyopanda angeweza pengine kuiuza, ila mhasibu wake kamwambia kwa upande wa kodi ni afadhali aifunge, ahesabu hasara. Na watoto wake hataki waangalie hoki, maana watoto huiga wanachokiona kwenye tivii. Basi. Jasho lote, damu yote, ule uongo wote wa Florida, jibu ni kodi. Hapigi kelele, hamchukii mtu, ndo maana inauma. Mi nimeona filamu nyingi za michezo ambazo tajiri ni mtu wa sigara kubwa na kicheko kibaya, hizo nazisahau njiani nikirudi, huyu mama simsahau.

Mtu ataniambia unaitwisha mzigo ambao haikuuomba, komedi ni komedi. Sawa, angalia mwisho. Braden anavua nguo moja moja anazunguka kwenye barafu, bendi inapiga, mpinzani anampiga refa, mechi inakatishwa, Chiefs wanapewa kombe. Gwaride mtaani, mji mzima umetoka. Wanashangilia kombe la timu ambayo haipo tena! Reg kapata kazi Minnesota, mke wake anaondoka na gari lake na hakuna muziki wa kuwarudisha pamoja. Nionyeshe filamu nyingine ya michezo ya miaka ile iliyothubutu kumpa mshindi ushindi wa namna hiyo.

Na yaliyofuata Johnstown kwenyewe hakuna aliyeyaandika kwenye skripti. Filamu imetoka Februari 1977. Julai mwaka huo huo mafuriko makubwa yakaupiga mji, zaidi ya watu 80 wakafa, viwanda vikaharibika. Ligi ikasambaratika, Jets wakafa mwaka huo huo. Kufika 1983 Johnstown ilikuwa kati ya sehemu zenye ukosefu wa ajira mkubwa kabisa Marekani, na 1992 Bethlehem Steel ikafunga pale kabisa. Ule uwanja mliouona, War Memorial, ni uwanja wa kweli, ule mtaa ni mtaa wa kweli, wale mashabiki wengi ni watu wa mji wenyewe. Wale waliotusaidia kucheka walikuwa wanasubiri zamu yao.

Muda unaniishia naona, na sijagusa nusu ya nilichoandika. Ndugu wa miwani basi, haraka. Waliandikwa kutokana na akina Carlson, Jeff, Steve na Jack, ndugu wa damu, wachezaji wa Jets kweli. Jack akaitwa na timu ya Edmonton Oilers, nafasi yake kwenye filamu ikachukuliwa na mchezaji mwenzao Dave Hanson, kwa hiyo jina Hanson ni la yule ambaye sio ndugu. Vile vigari vya kuchezea chumbani ni vyao kweli. Na Ned Dowd yumo, ndo yule Ogie Ogilthorpe mwenye manywele anayekuja mwishoni.

Ilivyopata watu wake sasa. Ilikuwa kwenye kanda za video na kwenye mabasi ya timu, wachezaji wakaijua kwa moyo, wakarithishana. Quebec, kule Canada, waliingiza sauti kwa Kifaransa cha mtaani kwao, sio kile cha Paris, na kule wanaipenda mpaka leo kama ya nyumbani. Johnstown ilipopata timu mpya 1988 ikaitwa Chiefs, jina limetoka kwenye filamu likaenda kwenye jezi ya kweli, likadumu mpaka 2010. Gene Siskel, mhakiki mkubwa wa Chicago, aliipa maneno ya vuguvugu ilipotoka, baadaye akasema anajutia. Heshima kwake.

Zile zilizofuatia, ya 2002 na ya 2008, sitaziongelea. Walichukua miwani na ngumi wakaacha kiwanda.

Na wa kusema hoki ya barafu haituhusu akawaulize vijana wa Ice Lions wa Nairobi, wamechezea pale Panari, Mombasa Road, kiwanja kidogo na vifaa vya kuazimana, nao nina hakika wanaielewa hii filamu kuliko mimi.

Nilitaka kuongelea na uhariri wa Dede Allen, jinsi anavyokata kutoka kwenye kelele za uwanja kuingia kwenye ukimya wa basi, hiyo itabidi tuitafutie siku yake. Maswali, ila naomba la kwanza lisiwe la ngumi. Dada pale nyuma, karibu.