Waya wa Kofia Hushonwa, Haubandikwi

Ndugu zangu mafundi, na ninyi akina mama mnaowafundisha mabinti kushona, jambo hili nimekwisha kulisema Kadutu na Ibanda, na leo nalirudia: waya wa kofia, ule unaoushika ukingo wake, haubandikwi kwa gundi, hushonwa kwa mkono.

Msimu mmoja wa mvua, vijana wa maigizo hapa Bukavu waliniagiza kofia nne za mtindo wa wanawake wa Ulaya wa mwanzoni mwa karne ya 19, zile zenye ukingo mpana mgumu unaouzunguka uso na utepe unaofungwa chini ya kidevu. Siku zilikuwa chache, nami nikaubandika waya. Wasichana walivuka uwanja katika manyunyu, na kabla igizo halijafika katikati, waya wa kofia moja ulikuwa umechomoka, ncha yake ikilielekea jicho la aliyeivaa. Namshukuru Mungu kwamba hakuumia, lakini kosa lilikuwa langu na sijalisahau.

Sababu yake ni hii. Bakramu, yaani kile kitambaa cha pamba kinachobeba umbo la kofia, mara nyingi hukazwa kwa wanga, na wanga ukilowa hulegea. Ndiyo maana twaweza kuikunja kwa mvuke, na ndiyo maana mvua huishinda. Ikilegea, umbo hubaki mikononi mwa waya, na waya nao hushikwa na uzi.

Kwa hiyo ukateni waya uzidi mzunguko wa ukingo kwa sentimita 5 hivi, ncha zipishane nyuma ya kofia, kamwe si mbele. Unyoosheni kwanza kwa kidole gumba mpaka uache kujikunja, kwa maana waya wenye ukaidi utaupotoa ukingo wote. Upakeni uzi nta ya nyuki, vaeni kastabini, kisha ushoneni waya kwenye ukingo: kila sindano inapotoka ipitisheni ndani ya kitanzi cha uzi, ili fundo likae juu ya waya.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie cherehani. Sindano yake ikigonga waya huvunjika, na mguu wake huukandamiza ukingo uliokwisha kupindwa. Isitoshe, kofia hizo zilivaliwa kabla Elias Howe hajapata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1846. Zilibuniwa kwa ajili ya mkono.

Waya ukishakaa, ufunikeni kwa flaneli nyembamba iliyokatwa mshazari, usije ukachora mstari chini ya hariri. Wengi huiruka hatua hii, na kofia zao huzitambua nikiwa bado mlangoni.

Kuhusu kitambaa cha juu na riboni, mnajua kazi yenu. Bitana ije mwisho, ifunike mishono yote ya ndani. Sasa kila mmoja achukue waya wake, tuanze kuunyoosha.