Insha Yako Haijasomwa: Mhadhara kwa Wanaoomba Ufadhili wa Shahada ya Uzamili

Asante ndugu mshereheshaji. Mkuu wa idara, walimu wenzangu, na ninyi wa mwaka wa mwisho mliojibana nyuma karibu na mlango, nawaona.

Wanaonijua wameanza kucheka kwa sababu wanajua nitakachosema. Wameshanisikia nikikisema kwenye vikao, kwenye korido, hata msibani. Nitakisema tena: mnaomba skolashipu bila kusoma sifa za mwombaji. Mnasoma kiasi cha posho, mnasoma kwamba tiketi ya ndege inalipwa, mnasambaza kwenye magrupu, halafu mnaniletea insha niipitie. Insha naiweka pembeni kwanza. Nauliza: ulihitimu mwaka gani? GPA yako, yaani wastani wa alama zako za chuo, ngapi? Umefanya kazi saa ngapi? Mtu ananitazama kama nimemuuliza mshahara wa baba yake.

Tuanze na hizo saa. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na miaka hiyo wanaihesabu kwa saa: 2,800. Ni saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara mbili. Na najua kuna mtu hapa moyoni anasema, "Mwalimu, ajira zenyewe hakuna, huo uzoefu tuuokote wapi?" Haya. Nani kakwambia lazima uwe umelipwa? Kujitolea kunahesabiwa. Kazi ya muda inahesabiwa. Ukishikizwa ofisini bila senti tano, nako kunahesabiwa. Wanachokataa ni ile fildi ya lazima iliyokupa alama za digrii, maana hiyo tayari umeshalipwa kwa cheti.

Kuna binti mmoja, jina lake halitawasaidia. Alimaliza ualimu wa sayansi, ajira hakuna, akarudi kwao, akaingia shule ya kata kufundisha fizikia kwa kujitolea. Wazazi walikuwa wanachanga. Mwezi huu posho ipo, mwezi ujao anapewa debe la mahindi na shukrani. Akaja kwangu na maombi yake, na kwenye sehemu ya uzoefu wa kazi ameandika, "Sijaajiriwa." Nikamwambia kaa chini tupige hesabu. Vipindi, maandalio ya somo, kusahihisha, wiki ya zamu: tuwe wachoyo, tuseme saa 25 kwa wiki. Wiki 40, saa 1,000 kwa mwaka. Miaka yake mitatu ni saa 3,000. Sharti ameshalivuka, na alikuwa karibu kujiondoa mwenyewe kwa mkono wake!

Hesabu ikakubali, sasa tukataka ushahidi. Ikaja barua ya mkuu wa shule. Inasema amekuwa akijitolea kwa moyo, ana nidhamu, anashirikiana vema na wenzake, tunamtakia kila la heri. Tarehe aliyoanza haipo. Somo halipo. Idadi ya vipindi haipo. Tarehe ya barua yenyewe imekaliwa na mhuri, huwezi kujua ni Machi au Mei. Nidhamu ni jambo jema sana, ila hakuna fomu niliyowahi kuiona inayouliza habari ya nidhamu.

Akarudi shuleni. Kilichomwokoa ni daftari la mahudhurio ya walimu, sahihi yake imo asubuhi baada ya asubuhi, pamoja na ratiba ya masomo iliyobandikwa ukutani ofisi ya taaluma. Mkuu wa shule, mtu mwema tu ambaye hakuwa ameambiwa kinachotakiwa, akaandika upya: kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, fizikia kidato cha pili na cha tatu, vipindi kadhaa kwa wiki. Barua ya aya mbili. Sasa nisikilizeni vizuri: barua hiyo iombeni mkiwa bado mko pale. Wakuu wa shule huhamishwa, mameneja huacha kazi, na mashirika hufungwa mradi ukiisha. Nani atakukumbuka?

Mnataka kuniuliza kama alipata. Kila mwaka mnauliza hivyo. Sikilizeni: alisomwa. Wengi wenu hamsomwi. Maombi yanapita kwanza kwenye chekeche la sifa, na aliyekwama pale insha yake haifiki mezani kwa mtu, hata kama aliiandika akilia machozi. Halafu anakuja kuniambia "Mwalimu, hizi ni za wenye konekisheni." Ndugu yangu, uliomba ukiwa na saa 900. Shangazi yako angekuwa balozi, zingebaki 900.

Na wale mawakala wanaowatoza pesa "kuwajazia fomu", nimechoka nao. Kuomba Chevening ni bure.

Sasa upande wa pili, ambao unawaumiza wanaongoja mambo yakae sawa. Wajerumani, kupitia DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, kwenye zile kozi zao za maendeleo wanataka angalau miaka miwili ya kazi, na hapohapo wanataka digrii yako ya mwisho isizidi miaka sita tangu uipate. Mmeona dirisha lilivyo? Kabla ya mwaka wa pili bado hujaiva, baada ya wa sita umechelewa. Aliyehitimu 2018, dirisha lake lilifungwa 2024, na huenda wakati huo alikuwa bado anangoja cheti chake chuoni. Kwa hiyo siku ya mahafali, mkimaliza kupiga picha, andikeni miaka hiyo miwili mahali mtakapoiona, wa kufungua na wa kufunga.

GPA. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa Uingereza unaanzia daraja la pili la juu. Kwetu Tanzania ni 3.5. Mwenye 3.4 yuko daraja la pili la chini, na kilio hakipandishi pointi. Ila mlango haujafungwa kabisa: daraja la pili la chini pamoja na sifa ya uzamili inayohusiana na unachotaka kusoma wanalikubali. Soma masters hapahapa kwanza. Mnaona kama ni kupoteza muda, na mimi naona mnapoteza muda mwingi zaidi kutuma maombi yaleyale kila mwaka. Mwenzetu wa Burundi pale mbele, huu uuruke, nchi yako si mwanachama. Jirani zako Rwanda waliingia 2009.

Naonyeshwa karatasi ya dakika tano. Haraka basi. Umri: serikali ya China, uzamili chini ya miaka 35, uzamivu chini ya 40. Majina: la NIDA (kitambulisho cha taifa), la cheti cha kidato cha nne na la pasipoti yafanane, na kama hayafanani, kiapo kwa wakili leo, si wiki ya mwisho. Kurudi nyumbani: Chevening, ukimaliza masomo unarudi kwenu kwa angalau miaka miwili. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, ni miaka miwili nyumbani kabla ya kuomba ukaazi Marekani. Na ninyi mnaocheka kule nyuma, kumuoa Mmarekani peke yake hakufuti sharti hilo.

Nilitaka kuzungumzia wadhamini wa kuwaandikia barua na mtihani wa Kiingereza. Haiwezekani tena. Wenye 3.4 msiondoke, tukae pale chini ya mwembe. Wengine, maswali.