Kipaji cha mtoto, daftari la familia

Wazee wangu, wazazi wenzangu, walezi, na ninyi vijana mlioitoa Jumamosi yenu mkaja kukaa ukumbini, nawasalimu nyote. Nimefurahi kuona mmekuja kwa nyumba, baba na binti, mama na kijana wake, maana niliwaomba wenyeji wetu hapa Morogoro wasiite vijana peke yao. Semina za vijana peke yao ni nyingi. Kijana anatoka pale na ari tele, anafika nyumbani anakuta hakuna anayejua alichokisikia, mboga haijanunuliwa, na mtaji wake wa kwanza unaliwa kabla ya Ijumaa. Leo nasema na nyumba nzima, na maneno mengine yatawagusa wazazi zaidi kuliko watoto.

Sikuleta habari za matajiri. Nataka tuanze na mtu wa Tunduru, aliyetoka kwao kwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam akawa mtunza bustani wa mzungu. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Picha zake mnazijua: chui mwenye madoa yanayowaka, ndege wenye shingo ndefu, rangi zinazong'aa kama zimemwagiwa maji. Kila mtu husifu mkono wake. Mimi nataka tuitazame biashara yake, kwa sababu ndiyo somo tusilofundishwa.

Mwaka 1968 hivi, alipoanza kuchora, hakuwa amesomea uchoraji popote. Hakungoja turubai wala rangi za wasanii. Alitumia haribodi, zile zinazopigwa kwenye dari, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, vitu vinavyopatikana duka lolote la vifaa. Picha nyingi zilikuwa za mraba, karibu sentimita 60 kila upande. Sasa piga hesabu: bapa la kawaida la haribodi ni futi 4 kwa 8. Ukilikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vinane kamili, na hakuna kinachotupwa. Hiyo ndiyo akili ya biashara, na inaanza kabla ya brashi kugusa rangi.

Soko je? Hapa ndipo nawaomba wazazi mnisikilize vizuri. Mkewe, Agatha, alikuwa akiuza matunda na mboga Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, walikokuja kununua mahitaji wageni waliokaa mitaa ile. Picha zikapangwa pale pale. Wateja walikuwa wameshafika, wana fedha mfukoni, na wanamfahamu mwenye meza. Mume hakukodi fremu ya duka wala hakuingia deni la kutafuta mahali. Meza ya mke ndiyo iliyobeba kipaji cha mume, na mke ndiye aliyejua mteja anauliza nini na anaondoka na nini. Nikisikia watu wanasimulia habari za Tingatinga wakamwacha Agatha nje, huwa nasikitika, maana wanafunza vijana wetu kwamba kipaji kinajiuza chenyewe.

Kuchora kukawa kazi ya ukoo. Mzee yule aliwafundisha ndugu zake na vijana wa karibu: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Wakakaa naye, wakaona anavyopaka rangi ya chini kwanza, anavyoiacha ikauke, anavyoongeza madoa. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora miaka minne tu. Biashara ya mtu mmoja ingezikwa naye. Hii haikuzikwa, kwa kuwa wapo waliokuwa wanaijua kazi mwanzo mwisho. Mwaka 1990 ushirika wao ukaundwa rasmi, na mpaka leo ukienda Oysterbay utawakuta wachoraji wanafanya kazi eneo lile lile.

Wazazi, angalieni kilichotumika pale: meza iliyokuwepo, ndugu waliokuwepo, na mshahara wa kazi nyingine uliomlisha wakati picha bado hazijulikani. Kila nyumba iliyowakilishwa hapa ina angalau kimoja katika hivyo. Kijana anayekuambia anahitaji milioni tatu ndipo aanze, mwulize kwanza ndani ya nyumba kuna nini, na nani katika ukoo anaonana na watu wengi kila siku.

Sasa niwageukie vijana. Kupenda kitu hakujawa biashara, hata kama marafiki wote wanakusifu. Wanaokusifu wanaonja bure. Nachukua mfano wa keki, kwa sababu najua ukumbini humu wapo mabinti zaidi ya mmoja wanaooka, na vijana wa kiume wapo pia, msijifiche. Tuseme unga, sukari, mayai, siagi na krimu vinakula shilingi 14,000. Unauza keki 20,000. Moyoni unajua umepata 6,000. Bado hujahesabu gesi, tuseme 1,500. Boksi la keki 1,500. Bodaboda ya kupeleka, 2,000. Imebaki 1,000, na umesimama jikoni saa tatu. Ukiunguza moja, unaoka kama kumi na tano za bure kuilipia. Binti wa namna hii huoka mwaka mzima, watu wanamwita mjasiriamali, na mwisho wa mwaka hana hata mashine ya kupigia mayai. Halafu anaambiwa hana bidii! Bidii anayo. Kilichomponza ni bei aliyoipanga kwa kusikilizia jirani anauza ngapi.

Akipandisha mpaka 25,000 anapata ile 6,000 aliyoidhania. Atapoteza baadhi ya wateja, ndiyo. Waliokuwa wananunua kwa sababu ni rahisi watakwenda kwingine, na waache waende. Watakaobaki ndio watakaomwonyesha kama kazi yake ina thamani sokoni au ni sifa za mtaani. Mimi naamini mteja asiyekujua, asiye ndugu, asiye wa kanisani kwenu wala msikitini kwenu, akirudi mara ya pili kwa bei ile ile na bila kuombwa, hapo ndipo biashara imezaliwa. Kabla ya hapo bado unajifunza, na kujifunza si aibu.

Nirudi kwa wazazi, na hapa sitapaka mafuta. Mitaji mingi ya watoto wetu huuliwa nyumbani. Shangazi ana sherehe, anachukua keki, "ni mtoto wetu." Kaka anatengenezewa simu, hela ataleta mwisho wa mwezi. Mama ana upungufu wa mboga, anachukua 5,000 kwenye kopo, kesho ada ya mdogo. Hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja. Lakini kijana akiuliza anaambiwa ana roho ya kwanini, naye ananyamaza, kwa sababu tumemlea kuheshimu wakubwa. Mali kauli ya ukoo haidaiwi, na isiyodaiwa hailipwi.

Naombeni mkubaliane jambo moja mkifika nyumbani leo, mkiwa mmekaa pamoja: ndugu naye analipa. Kama hawezi bei kamili, alipe gharama ya vifaa. Na kama nyumba imeamua kumpa mtu zawadi, basi fedha ya zawadi itoke kwa baba na mama, iingie kwenye daftari la mtoto kama mauzo mengine. Mzazi anayemlipa mwanawe 19,000 za keki ya harusi ya ukoo amemsaidia kuliko anayempa laki moja ya mtaji halafu akailamba taratibu.

Nimetaja daftari. Linunuliwe leo, la kurasa mia moja linatosha. Upande mmoja kilichoingia, upande mwingine kilichotoka, tarehe, na jina la aliyechukua bila kulipa. Kuna watu hudhani daftari ni la wenye maduka makubwa. Tazameni kodi. Kwa jedwali lililopitishwa mwaka 2019 la wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Akipita hapo na asizidi milioni 7, asiye na kumbukumbu za mauzo alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yule binti wetu akiuza keki 200 kwa 25,000 amefikisha milioni 5. Kwa daftari, ni 30,000. Bila daftari, 100,000. Tofauti ya 70,000 ni viroba vya unga. Viwango hubadilika bungeni, kwa hiyo kila Julai ulizeni ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, jedwali la mwaka huo; na namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure, asije mtu akakuuzia.

Kuhusu mikopo nitasema kwa ukali kidogo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa 2024. Anzeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Akina mama wengi hapa mna VICOBA, mnalijua sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Nidhamu ile ile ya kukaa pamoja kila wiki, kuhesabu mbele ya wote, mfundisheni mtoto. Lakini ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, tunayoiita kausha damu, na hizi programu za simu zinazokopesha kwa dakika mbili, zikimbieni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kijana anayeanza hajui bado atauza ngapi wiki ijayo. Atalipaje deni la kila wiki? Aanze na oda moja, achukue malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa, afanye, alipwe lililobaki. Mafundi cherehani wetu wamefanya hivyo miaka yote na wamejenga nyumba.

Kwa waliojifunza kazi mtaani, fundi umeme, fundi pikipiki, mpishi, mshonaji, asiye na cheti: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana mpango wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, pengo lako linafundishwa, unapewa cheti. Wanaotaka kusindika vyakula, pilipili, siagi ya karanga, unga wa lishe, waanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna yenu. Kutoka hapo watawaelekeza TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Msiweke bidhaa dukani kwa mtu mkiwa hamjapita huko, kwa sababu kinachoingia mdomoni kwa mtoto wa mwenzio si cha kubahatisha. Na jina lenu la biashara lisajilini mapema BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leo picha za mtindo wa tingatinga zinauzwa kila mahali penye watalii na watu wasio wa ushirika ule. Mtindo haumilikiwi na mtu. Jina na alama ya biashara vina sheria ya kuvilinda.

Nilipomaliza kusema hayo ukumbini, mama mmoja wa Kihonda, hapa hapa Morogoro, alisimama akauliza swali ambalo naona lilikuwa la wengi. Mwanawe yuko kidato cha tatu, ana miaka kumi na sita, anapenda kunyoa. Anawanyoa vijana wa mtaa mzima, na sasa anasema shule inamchelewesha. Afanyeje?

Nilimjibu hivi. Mama, asiache shule, na wala usimnyang'anye mashine. Sheria yetu inamruhusu mtoto aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Anyoe Jumamosi, na Jumapili mchana akitoka ibada, siku mbili basi. Nenda naye kwa kinyozi mwenye saluni anayeaminika, mwombe amkalishe kiti kimoja kwa siku hizo, agawane naye mapato, amfundishe kusafisha mashine kwa dawa, kwa sababu huko kujitegemea uani hakuna anayemsimamia na upele wa kichwani huambukiza. Kila Jumapili jioni kaeni pamoja mfungue daftari. Mwache ahesabu yeye, wewe sikiliza. Akifika kidato cha nne atakuwa na namba za mwaka mzima mkononi, siyo hamu tu, na mtazungumza juu ya saluni yake mkiwa na kitu cha kusoma mezani.

Akauliza tena, na fedha nani azishike? Nikamwambia, mfungulie akaunti ya mtoto benki. Na ukipungukiwa mboga, mama, usiende huko.