Uvimbe Upewe Jina Kabla ya Tiba

Mama zangu, baba zangu, shikamooni. Nianze na lile ninalolisema kila ninapoitwa: uvimbe ambao haujakatwa kinyama ukapimwa hauna jina, na usio na jina hautibiwi, unabahatishwa.

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka 6. Shavu la kushoto limejaa, jicho limeanza kusukumwa juu. Alipofungua kinywa, magego yalikuwa yanacheza kwenye ufizi, na palikuwa na mapengo mawili. Walikokwenda mwanzo walidhani jino bovu. Wakang'oa moja, wiki iliyofuata la pili. Nyumbani akapakwa dawa ya mizizi. Wiki tatu zikapita. Ndugu zangu, uvimbe wa aina ile huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki tatu!

Tulichukua kinyama kidogo kama punje ya mchele, tukakitia kwenye kichupa cha fomalini, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze. Jibu: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alianza kuwafuatilia watoto wa namna hii mwaka 1957. Vinyama vyao vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Malaria ya mara kwa mara humsaidia kirusi huyo, ndiyo maana uvimbe huu tunauona sana huku kwetu Kanda ya Ziwa. Na tiba yake kuu si kisu wala koleo la meno, ni dawa za saratani kwa dripu. Mtoto yule alianza dripu Jumatatu; kufika Jumamosi jicho lilikuwa limerudi mahali pake.

Naona mama pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: "Saratani ikiguswa na chuma inaamka." Mama yangu, ilikuwa macho siku zote! Mgonjwa analetwa ikiwa imeshafika kwenye ini, anakatwa kinyama, anafariki mwezi unaofuata, lawama anabebeshwa aliyeshika sindano. Nimechoka kuzika watu kwa maneno haya.

Na si kila uvimbe ni saratani. Fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, inaweza kufikia ukubwa wa tikiti na isitoke kwenye kizazi. Saratani hupenya nyama za jirani, ikasafiri kwa damu na limfu, yale majimaji yanayopita kwenye matezi. Ya ngozi ya nje na ngozi laini za ndani ni karsinoma, ya mifupa na misuli sakoma. Lukemia iko kwenye damu na haina hata uvimbe wa kushika. Kila moja na dawa yake.

Mlango wa kizazi: nesi anapaka siki, anangoja dakika moja, panapogeuka peupe mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo, kabla hapajawa saratani. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilianza Tanzania nzima 2018, wapelekeni mabinti.

Naoneshwa saa, na saratani ya matiti sijaigusia. Kichupa chenyewe hiki hapa, kitupu. Kipitisheni, kila mmoja akishike.